Muulize Shangazi Kabla Hajapanda Basi

Fika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, hapa Mbezi Luis, kabla ya adhana ya alfajiri. Simama karibu na mlango wa basi lolote linalopakia, usikilize. Kondakta ana karatasi ya abiria mkononi, anaimulika kwa tochi ya simu, anaita: Mushi! Massawe! Shirima! Mushi wa pili yuko wapi? Huna haja ya kusoma kibao cha mbele. Basi hilo ni la Moshi, na pengine litapitiliza hadi Rombo. Hatua chache kutoka hapo mwingine anaita Mwakalinga, Mwakipesile, na moyo wako umeshafika Tukuyu. Wa tatu anaita Masanja, Mabula, Shija: Mwanza hiyo. Wa nne anaita Gama, Komba, Nyoni, na magunia yanayosukumizwa kwenye buti yanakwenda Songea.

Nimekaa Mbezi tangu tulipokuwa bado Wilaya ya Kinondoni, kabla Ubungo haijamegwa. Kituo kilipofunguliwa Februari 24, 2021, mtaani kwetu mazungumzo yalikuwa ni foleni, bei ya viwanja na nani atapata fremu ya biashara. Na mimi nilizungumza hayo hayo. Baadaye sana ndipo nikang'amua kwamba tumeletewa mlangoni ramani ya nchi nzima, na inasomwa kwa sauti kila alfajiri.

Leo nina ombi. Wewe unayesoma, uwe wa Msakuzi, Makabe, Malamba Mawili, Kibamba au Temeke kule mbali, mwaka huu mkalishe mzee mmoja wa kwenu. Muulize jina lenu limetoka wapi, nani alilibeba kwanza, alikuwa akiishi karibu na mto gani au kilima gani. Kisha andika kwa kalamu kwenye daftari. Nina haraka na jambo hili, na nitakueleza kwa nini.

Haraka yangu ilianza siku niliyokwenda kuandikisha kizazi cha mwanangu wa pili. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Sisi kwetu Korogwe, kama familia nyingi za pwani, mtoto hupewa jina lake, likafuata la baba, likafuata la babu. Jina langu la tatu ni la babu mzaa baba, mzee aliyenifundisha kusali na kupanda muhogo. Nilipomaliza kujaza nafasi zote tatu za mwanangu, nikaona babu hayumo. La tatu limekuwa la baba yangu. Nikakaa na kalamu mkononi, nyuma yangu watu wanasubiri zamu. Mjukuu wangu akizaliwa, ataondoka baba yangu. Akizaliwa kitukuu, nitaondoka mimi. Lugha yetu imevihesabu vizazi kwa uangalifu mkubwa, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina, lakini karatasi zetu zinaishia kwa mjukuu.

Panda daladala inayokwenda Mbagala, utapita Mtoni kwa Azizi Ali. Konda huita "Azizi Ali wa kushuka!" mara mia kwa siku, na sijui ni abiria wangapi wanaokumbuka kwamba anaitwa mtu. Aziz Ali alikuwa mjenzi wa zamani wa mji huu, baba wa Dossa Aziz, mmoja wa waasisi wa TANU Julai 7, 1954, na baba wa Hamza Aziz aliyekuja kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Tazama majina hayo vizuri. Watoto wamebeba Aziz, na Ali amebaki nyuma kwa hatua moja tu ya kizazi. Kinachomtaja Ali kila siku ni kituo cha daladala. Wengi wetu hatutaachiwa kituo, kwa hiyo inabidi tuandike.

Kuna makabila yaliyofuata njia nyingine. Wachagga jina la ukoo halisogei, limefungwa kwenye kihamba, shamba la migomba ambalo baba humgawia mwanawe na ambamo wazee huzikwa. Ndiyo maana mtu wa Kilimanjaro akisikia Swai huwaza Machame, akisikia Mushi huwaza Kibosho, akisikia Shirima huwaza Rombo. Huwaza tu, kisha huuliza, maana watu wamehama na kuoana. Wanyakyusa wametanguliza Mwa-, maana yake mtu wa ukoo wa fulani, na hilo fulani ni babu aliyeishi mahali panapojulikana. Wahaya ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, kila mtoto na lake, na ukitaka kujua asili yao unauliza ukoo na mziro, yaani mnyama au kitu wanachokatazwa kula. Wakurya wana Chacha, Marwa na Mwita, majina yanayozunguka: Chacha Marwa akamzaa Marwa Chacha. Hapo jina halikupi mahali. Muulize kama ni Mwirege au Mnyabasi, naye atakutajia ndugu zake walioko Kenya, kwa sababu mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 ulipita katikati ya koo zao.

Kuna majina yanayotaja msimu kuliko mahali. La kila siku kwetu ni Nyerere. Mzee Burito wa Butiama alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati viwavijeshi vimevamia Uzanaki, na nyerere kwa Kizanaki ndiyo viwavi hao. Mwanawe alipozaliwa Aprili 13, 1922, mvua ilikuwa ikinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Jina la huyo tunayemwona kwenye noti ya shilingi 1,000 linabeba mashamba yaliyoliwa katika karne ya 19, upande wa ziwa, kabla Mwalimu mwenyewe hajazaliwa. Wasukuma nao humwita Mabula aliyekuja na mvua, na Shija anayezaliwa baada ya Kulwa na Doto. Kwa hiyo unapomuuliza mzee wako "wapi", muulize na "mwaka wa nini": wa njaa, wa nzige, wa mafuriko, wa vita vya Mjerumani.

Nikae kidogo Upareni, maana jambo hili nililishuhudia hapa hapa Mbezi. Jirani yangu ni Mshana, na duka analonunulia saruji ni la Msuya. Wamefanya biashara kwa miaka bila kuwaza chochote. Huko Ugweno, Upare Kaskazini, Washana walikuwa wahunzi. Waliyeyusha chuma, wakatengeneza majembe na silaha, na uongozi ulikuwa mikononi mwao, hadi Wasuya walipowapindua na kuanzisha utawala wao. Mambo haya yalitokea karne nyingi kabla ya Mjerumani kuweka mguu Moshi. Tunayajua kwa sababu Isaria Kimambo, aliyekuja kuwa profesa wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka milima ile katika miaka ya 1960 akiwakalisha wazee na kuwauliza, na kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare kikatoka mwaka 1969. Wazee wale wameshatangulia. Angechelewa miaka 20, angekuta makaburi.

Nilipowasimulia, Mshana alisisimka, akaanza kumdai Msuya fidia ya ufalme, tukacheka sote. Kisha Msuya akanyamaza kidogo, akasema marehemu baba yake alikuwa akiwataja wahunzi jioni, wakati wa kula. "Mimi nilikuwa namaliza haraka nikimbilie mpira," alisema. Akarudi kuhesabu mifuko.

Jina nalo laweza kumpoteza mtu akilitegemea peke yake. Chukua jina Sykes. Mgeni akilisikia atasema Uingereza, na atakuwa amekosea bahari nzima. Mwaka 1889 Wajerumani walimtuma Hermann von Wissmann kuizima vita ya Abushiri pwani yetu, naye akaja na askari aliowachukua Misri na wengine kutoka Inhambane, Msumbiji. Mmoja wa hao wa Inhambane aliitwa Sykes Mbuwane, Mzulu kwa asili. Mwanawe alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapewa jina la Kijerumani, Kleist, akakulia Dar es Salaam, Mwislamu wa mjini, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa walioanzisha African Association. Watoto wake Abdulwahid na Ally walikuwemo katika kuiasisi TANU. Jina la Kiingereza, la Kijerumani, asili ya Kizulu, bandari ya Msumbiji na msikiti wa Dar es Salaam, vyote katika nyumba moja.

Nani alitueleza? Kleist mwenyewe, kwa kuandika maisha yake kabla hajafariki mwaka 1949. Na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, binti ya Abdulwahid, alizichukua karatasi za babu yake akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akaandika sura iliyotoka mwaka 1973 katika kitabu Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe. Mzee mmoja aliandika, binti mmoja akasoma na kuendeleza. Bila wao tungebaki na jina tu, na jina lingetupeleka London badala ya Inhambane. Ninapowaomba wasomaji waandike, familia hiyo ndiyo iliyo akilini mwangu.

Najua atakayeniambia: Mwalimu alitukataza kuulizana makabila. Ni kweli, na namshukuru kwa hilo. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na tangu hapo tumehesabiwa kama Watanzania. Mwaka 2022 tulifika 61,741,120, na hakuna aliyeulizwa kabila lake. Mtu akiulizwa jina la tatu kwenye chumba cha usaili ili apimwe kwa ukoo wake, huo ni ubaya na tuukatae. Ninachoomba ni swali la mjukuu kwa babu yake, sebuleni, juu ya jina lao wenyewe. Na sisi tuna dawa ya zamani ya jambo hili, utani. Mngoni akimsikia Mhehe akitaja jina lake, vita vya zamani vinageuka kicheko, na mara nyingi mtani anajua ulikotoka kuliko wewe.

Lipo na jambo la kushika kwa mikono miwili. Pangani, Bagamoyo na Kilwa zilikuwa bandari za watumwa. Wako waliochukua majina ya mabwana zao, wako waliokata jina makusudi ili watoto wasije wakanyooshewa kidole. Mzee akifika hapo akanyamaza, usimsukume. Andika ulichopewa, acha mstari mtupu. Lakini usidhani kimya ndio mwisho. Wako Wazigua waliochukuliwa karne ya 19 hadi Somalia, wakaweka makao bonde la mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua miaka yote hiyo. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 walikimbilia huku, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na wengi wakapata uraia. Walirudi katika nchi ya mababu zao wakiisema lugha yake. Hakuna karatasi iliyowahifadhia hilo zaidi ya vinywa vya mama zao.

Na mama ndiye tunayemsahau. Waluguru, Wamakonde, Wayao na Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Wazaramo vilevile, na hao ndio waliokuwa na ardhi hii ya Mbezi kabla sisi wengine hatujaja na viwanja na matofali yetu. Ukiandika mstari wa wanaume tupu, umeacha nusu ya nyumba nje. Muulize bibi mzaa mama alizaliwa kwa nani, na mama yake alitoka wapi kuolewa. Katika daftari langu upande wa wanawake ndio ulionipeleka mbali zaidi, kwa sababu mwanamke ndiye aliyehama. Babu zangu walikaa pale pale Korogwe.

Lini tuulize? Wengi tunasubiri Desemba tuende kijijini, na tukifika kuna sherehe, kuna nyama, kuna ndugu wa kusalimia, siku tano zimekwisha. Lakini mzee mara nyingi yuko nyumbani kwako sasa hivi. Amekuja kutibiwa Mloganzila au Muhimbili, umempokea hapo stendi na kibegi chake na kuku wawili, na wiki tatu nzima anakaa sebuleni akitazama tamthilia asizozielewa, akisubiri urudi kazini. Unarudi saa 3 usiku, foleni imekumaliza, unamwamkia, unamuuliza dawa amekunywa, unalala. Mimi nilifanya hivyo na baba yangu mdogo. Alikaa kwangu siku 19. Tulizungumza presha na nauli.

Baadaye jina la babu yake nililisikia wapi? Msibani. Kipaza sauti kinakoroma, kijana anasoma wasifu wa marehemu, anataja "mtoto wa fulani bin fulani wa kijiji fulani", na mimi nimekaa chini ya turubai nasikia kwa mara ya kwanza. Niligeuka kutafuta wa kumuuliza. Aliyekuwa anajua ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Basi ukimkuta yuko hai, usianze na swali kubwa. "Jina letu limetoka wapi" humtisha mzee, hudhani unatafuta urithi wa shamba. Anza na maji. "Mlipokuwa wadogo mlikuwa mkichota maji wapi?" Atakutajia kijito, atakutajia waliokuwa wakikutana kisimani, nyumba ya nani ilikuwa njiani, na kabla chai haijapoa majina yameanza kuja yenyewe. Yaandike kama anavyoyatamka. Ng'wandu uandike hivyo hivyo na king'ong'o chake, usilifanyie kama makarani wengi wanavyolifanyia. Kama amekubali, mrekodi kwa simu, lakini simu huibiwa na huingia maji, kwa hiyo nunua kaunta buku la kwaya tatu. Kisha piga picha kila ukurasa, uitume kwenye lile kundi la ukoo la WhatsApp ambalo huwa tunalifungua kwa michango tu. Utashangaa ni nani atakayejibu "hapana, huyo alikuwa mdogo wake".

Nawaomba na walimu wetu wa Mbezi na Kibamba. Mpe mtoto wa darasa la tano kazi ya nyumbani ya mwisho wa wiki: majina matatu ya juu ya jina lako la mwisho, kwa baba na kwa mama. Iceland watu huitwa kwa jina la baba kama sisi wa pwani, ukoo wao haukai kwenye jina, lakini leo mtu wa huko huweza kufuata nasaba yake karne nyingi nyuma kwa sababu wazee wao walikuwa na tabia ya kuandika. Sisi tunaweza kuanza na daftari la shule.

Mimi nimeanza na shangazi. Alishuka hapa Magufuli wiki nne zilizopita, amekuja kwa matibabu ya macho. Jicho moja limefungwa bandeji, lakini kumbukumbu yake ni kali. Jumapili ya kwanza nilipomletea chai na lile daftari alinitazama kwa jicho lililobaki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo umekumbuka kwamba nina mdomo?"

Nilimuuliza walikuwa wakichota maji wapi. Hadi magharibi nilikuwa na kurasa sita. Jina la babu yangu, la baba yake, la baba wa baba yake ambaye aliitwa kwa mwaka wa nzige, na juu yake mtu aliyekuja kutoka ng'ambo ya mto Pangani na mke mmoja na mbuzi. Huyo wa mtoni alikuwa wa nne. Wa tano alimjua jina, hakumjua mahali. Nilipouliza wa sita alitikisa kichwa.

"Huyo yuko anayemjua," akasema. "Bibi yako wa Mombo. Lakini amepita miaka 90 na masikio hayasikii vizuri. Itabidi ukae karibu."

Bandeji wanaitoa Alhamisi. Nimekata tiketi mbili za Jumamosi.